Ajenda ya Nne Langoni mwa Kiwanda

Msikilizaji, mpatanishi Kofi Annan alipotua Nairobi Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, akisaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa, majirani walikuwa wanachinjana kwa sababu ya kabila. Tarehe 28 Februari, Rais Kibaki na mpinzani wake, Raila Odinga, walitia saini mkataba wa kugawana madaraka. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshauawa; bila shinikizo la nje, naamini tungezika wengi zaidi.

Mazungumzo hayo yalikuwa na ajenda nne. Tatu za kwanza zilihusu kuzima moto. Ya nne iligusa ardhi, umaskini na ukosefu wa kazi kwa vijana, nayo ndiyo inayohusu Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi. Alfajiri, vijana wa mitaa jirani ya Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben hujipanga kwenye malango ya viwanda, wakingoja kuitwa kibarua. Msimamizi akiwachagua wa lugha yake tu, wanaorudi nyumbani mikono mitupu huondoka na kinyongo, na mwanasiasa anajua pa kukikuta.

Mpatanishi wa kigeni hafiki pale langoni. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyotokana na mazungumzo yale, inaweza kufika. Iende ikague uajiri wa vibarua sasa, kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto.