Moyo, Roho na Kikombe: Imani na Mwili katika Kiswahili



Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita watafiti wa afya ya akili waliniomba niwatafsirie fomu ya maswali. Swali mojawapo lilitaka kujua iwapo mhojiwa amekuwa na huzuni katika majuma mawili yaliyopita. Niliandika "huzuni" bila kusita. Neno ni fasaha na kamusi zote zinalikubali. Siku ya majaribio, bibi mmoja aliyefiwa na mwanawe alijibu "sina". Msaidizi akatia alama, akaendelea. Alipokuwa akifunga daftari lake, bibi akamwambia: "Mwanangu, mbona hukuniuliza moyo? Moyo wangu hauko mahali pake tangu mwezi wa Ramadhani." Alipoulizwa kwa nini basi alikana huzuni, alieleza kwamba mwenye huzuni ni yule asiyeridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu. Yeye ameridhika. Ila hali, halali, na kifua kinambana.

Kwa mujibu wa fomu yangu, bibi huyo alikuwa mzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza Kiswahili kinauweka wapi mpaka baina ya imani, akili na mwili, na kama mpaka huo upo. Tukiyatazama maneno yenyewe tunaona mgawanyo wa kuvutia. "Mwili" na "moyo" ni maneno ya Kibantu, yenye ndugu zao kutoka pwani hadi Kongo. "Roho", "nafsi", "akili" na "imani" yametoka katika Kiarabu. Ingedhaniwa kwamba wageni hao wangeunyang'anya moyo kazi zake na kuuachia ile ya kusukuma damu tu. Haikuwa hivyo. Mtu bado hukata tamaa kwa kuvunjika moyo, hutiwa moyo, hufanya jambo kwa moyo mmoja, na mwanafunzi husoma shairi kwa moyo.

Neno "roho" nalo halikubaki mbinguni. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalipa, pamoja na maana ya uhai, maana ya koo. Na kutokana na roho hiyohiyo, kama nionavyo mimi, tumepata "uroho" na "mroho", yaani mlafi. Neno lililokuja kutaja pumzi ya uhai limeishia kooni, penye njia ya chakula! Sarufi nayo ina lake la kusema. Twasema roho yangu inauma, lakini Roho Mtakatifu ameshuka: umbo ni lilelile, upatanisho ni mwingine, na kwa kiambishi kimoja tu kitu kimekuwa nafsi yenye kutenda.

Wafasiri wa Biblia walikutana na mtandao huu kabla yetu. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, neno la Kiebrania "nefeshi" katika Zaburi ya 103 limekuwa "nafsi", ilhali mwenzake wa Kiyunani, "psukhe", katika wimbo wa Mariamu kwenye Luka 1:46, limekuwa "moyo". Kuna wanaoliona hilo kuwa ni kutokuwa na msimamo. Mimi naliona kuwa ni sikio zuri. Penye furaha ya mwanamke mwenye mimba, moyo ndio unaosema.

Jambo zito zaidi ni kitenzi cha Kiyunani "sozo". Kitenzi hicho kimoja kinataja kuponywa na kuokolewa. Kwa mwanamke mwenye kutokwa damu, katika Marko 5, imani yake imefanya kazi ya "kuponya". Kwa mwanamke mwenye dhambi, katika Luka 7, imani yake imefanya kazi ya "kuokoa". Mgawo unaonekana wazi: mwili huponywa, roho huokolewa. Lakini fungua Luka 17, penye yule mwenye ukoma aliyerudi kushukuru. Ugonjwa wake ni wa ngozi, na kitenzi ni "okoa". Mpaka umevuka wenyewe.

Pwani yetu ina mfano mwingine usiohitaji mfasiri. Mwalimu huandika aya za Kurani kwa zafarani katika sahani nyeupe, huziosha kwa maji, mara nyingi yaliyotiwa marashi, na mgonjwa huyanywa. Hilo ndilo kombe. Wapo wanazuoni wanaolikubali na wapo wanaolikataa, nami si mahali pangu kuamua baina yao. Kama mwanaisimu nasema tu kwamba sijaona kwingine ambako matini huingia mwilini kwa njia ya koo, yaani, kwa Kiswahili cha kale, kwa njia ya roho.

Mwaka 2011 udogo wa neno hilo, "kikombe", ulitikisa nchi nzima. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alitoa dawa ya mizizi ya mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Alisema alioteshwa na Mungu, na kwamba ni lazima kikombe kitoke mkononi mwake. Misururu ya magari ilifika kilometa nyingi. Wagonjwa wengine walitolewa hospitalini wapelekwe, na wapo waliofia njiani.

Waliorudi walisema: "Nimepona kwa imani." Naomba wanafunzi wangu wa sarufi waisikilize sentensi hiyo. Kiambishi "-me-" hutaja tendo lililotimia, ambalo hali yake ingalipo. Nyongeza ya "kwa imani" hukihamisha: msemaji anakiri jambo ambalo mwili wake haujalionyesha bado, na kukiri huko ni sehemu ya kulipokea. Si uongo, wala si taarifa ya kitabibu. Muuguzi aliyeandika "amepona" katika kadi amesikia kitenzi, hakusikia nyongeza, na mgonjwa wa kisukari au wa UKIMWI akarudi nyumbani bila vidonge. Hapo kosa la tafsiri huua.

Sipendekezi wauguzi wabishane na imani ya mtu. Napendekeza swali la pili: "Na mwili wenyewe, unausikiaje leo?" Nimewaona wagonjwa wakilijibu kwa utulivu, bila kuhisi kwamba wanamkana Mungu. Watafiti wa Dar es Salaam, akiwamo Sylvia Kaaya, walichapisha mwaka 2008 kipimo cha sonona chenye vipengele 19 kilichotungwa hapahapa nchini. Njia hiyo ya kuanzia kwa wasemaji ndiyo niliyopaswa kuifuata tangu mwanzo, badala ya kuanzia kwenye kamusi.

Fomu yetu tuliirekebisha. Palipokuwa na "huzuni" tuliweka swali kuhusu moyo kutokuwa mahali pake, na msaidizi alirudi kwa yule bibi. Alisikiliza swali hadi mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sasa umeniuliza. Kaa, mwanangu."