Pesa ya Kikundi na Kubashiri Soko la Hisa

(Maneno yaliyosemwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa kujibu jambo lililoletwa na vijana: ati kikundi kitoe sehemu ya akiba, iwekwe kwenye simu, tubashiri kila siku kama soko la hisa la Marekani litapanda au litashuka. Mmoja wao aliniambia, "Hii si kamari, ni hisa." Basi tuanze hapo.

Kule New York kuna kipimo kinachoitwa S&P 500. Kinajumlisha bei za hisa za kampuni kubwa kama 500, ili mtu aone kwa nambari moja soko limeamkaje. Sasa yako masoko ya ubashiri, kama Kalshi na Polymarket, ambako mtu hanunui hisa hata moja. Ananunua jibu: "Ndiyo, leo kitapanda," au "La." Ukipata, unalipwa dola moja. Ukikosa, hupati kitu. Bei ya jibu huwa kati ya senti 1 na 99, kadiri watu wanavyodhani.

Masoko ya namna hii hayakuanzishwa kwa nia mbaya. Chuo Kikuu cha Iowa kilianza lake mwaka 1988, kwa pesa kidogo, ili kujifunza maoni ya watu juu ya uchaguzi. Lakini uchaguzi mtu huufuatilia miezi mingi. Soko la siku moja ni karibu sawa na kurusha sarafu. Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, S&P 500 ilipanda zaidi ya asilimia 9. Jumatatu yake ikaanguka karibu asilimia 12. Nani angejua?

Hebu tupige hesabu kwa shilingi. Tuseme "Ndiyo" inauzwa sh 52 na "La" sh 50, na anayepata hulipwa sh 100. Kikundi kikinunua majibu yote mawili, lazima kishinde, si ndiyo? Lakini tumetoa 102 tukapata 100! Zile mbili zimebaki kwa waliotuuzia. Bado ada, bado kubadilisha shilingi kuwa dola. Na hiyo 100 yenyewe imetoka mifukoni mwa watu. Hakuna ng'ombe aliyekamwa wala shamba lililolimwa.

Hisa ni kitu kingine. Wengi mnakumbuka mwaka 2008 hisa za Safaricom zilipouzwa sh 5. Mwaka 2009 bei ilishuka chini ya sh 3, watu wakalia. Aliyengoja aliendelea kupokea mgao wa faida, na mwaka 2021 bei ilipita sh 40. (Sisemi mkimbie kununua, baadaye ilishuka tena.) Lakini alikuwa na kitu cha kungojea. Jibu la "leo" hufa soko likifungwa, na kwa saa zetu hiyo ni saa tano au saa sita usiku, mweka hazina amelala.

Ulaya walikuwa na biashara ya jamii hii hii, ya kubashiri bei itapanda au itashuka. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilikataza watu wa kawaida kuuziwa, kwa kuwa wengi walikuwa wanapoteza. Uingereza ikakataza kabisa mwaka 2019.

Kwa hiyo, kamati, pesa ya sanduku isiende huko, hata kwa "tujaribu kidogo tu." Ile ni karo ya watoto wetu na mbegu za msimu ujao. Yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Vijana, mnajua simu kutupita. Kuna daftari la mikopo linalohitaji kupangwa upya, mtusaidie hapo. Mtu akitaka kubashiri kwa shilingi yake, ni yake. Ila asije kukopa kwetu kwa ajili hiyo, na mdhamini aulize mkopo ni wa nini kabla ya kutia sahihi.