MGANGA NA MUUGUZI WAFUNDISHWE KUTIBU MARADHI YA UNGA NA POMBE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama.)



Tumeomba nafasi hii tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikuta njiani kila siku tukageuza uso. Ni habari ya ndugu zetu waliotekwa na unga, yaani heroini, na waliotekwa na pombe. Hatukuja kuwahukumu. Twauliza swali moja tu: mtu huyu akitaka kupona, akaenda zahanati, atamkuta nani, na huyo amefundishwa nini?

Twauliza kwa sababu yametufika. Kijana wa jirani yetu alituomba tumpeleke kutibiwa. Alikuwa anatetemeka, pua zinamtoka maji, tumbo linamkata. Aliyekuwa mezani alimtazama, akasema, "Hapa hatutibu wezi." Kijana akainama, akatoka. Tulikasirika, lakini baadaye tulijiuliza: nani alimfundisha mfanyakazi yule ya kwamba arosto ni ugonjwa wenye tiba? Ujinga ule si wake peke yake, ni wetu sote.

Tiba ipo, tena ipo nchini mwetu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni. Mwaka 2012 ikafuata Mwananyamala, na 2014 Temeke. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Ni dawa ya maji, mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mtoaji dawa. Unga humwacha mtu baada ya saa chache akaanza kuhangaika tena. Methadoni humshika siku nzima, akaweza kwenda kazini na kulala kwake kwa amani. Lakini mgonjwa hafiki huko asipoelekezwa, na wa kumwelekeza ni yule aliye mezani zahanati.

Tena dawa bila mjuzi ni hatari. Methadoni hukusanyika mwilini pole pole. Kwa hiyo huanzwa kidogo na kuongezwa kwa hadhari, na majuma 2 ya mwanzo ndiyo ya kuangaliwa mno. Mgonjwa akiwa na kifua kikuu akapewa rifampisini, dawa hiyo huiondoa methadoni mwilini upesi, na arosto ikamrudia. Muuguzi asiyejua atasema amerudia unga, amfukuze. Aliyefundishwa atamwita daktari atazame kipimo upya. Dalili ni ile ile; elimu ndiyo iliyotofautiana.

Na pombe vile vile. Wengi wadhani mlevi wa miaka mingi afungiwe ndani aache siku moja. Sivyo! Mwili uliozoea ukinyimwa ghafula waweza kupatwa na kifafa na kuweweseka, hata kufa. Naye aliyekaa muda bila unga, akarudia kipimo chake cha zamani, mwili umekwisha kukisahau, pumzi huzima. Naloksoni ikitolewa upesi humrudishia pumzi, iwapo yupo aijuaye.

Kinga nayo yataka ufundi. Shirika la Afya lilitunga maswali 10 juu ya unywaji, baada ya utafiti katika nchi 6, Kenya ikiwamo. Muuguzi aweza kumwuliza hata aliyekuja kwa kikohozi au jeraha, akamtambua anayeteleza kabla hajazama. Mazungumzo mafupi baada ya hapo, yasiyo na matusi, huwasaidia wengi kupunguza. Lakini aulize kama ndugu, asiulize kama askari.

Basi twataka haya. Kwanza, elimu hii iingie katika vyuo vyote vya uganga na uuguzi, na itahiniwe. Semina ya siku moja haitoshi. Pili, walio kazini wapelekwe kliniki za methadoni wakaone kwa macho yao. Tatu, waliopona waitwe wafundishe pamoja na madaktari, maana aonjaye ndiye ajuaye. Nne, sisi wanachama tuache kuwaita watu hawa mateja, na kila tawi liwe tayari kumsindikiza mgonjwa.

Tumezoea kusema maadui wa nchi ni watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Hapa wote watatu wamemkalia kijana mmoja, nasi tumemwachia apigane peke yake.

Yule kijana angali mtaani. Amekubali twende naye tena. Twaomba safari hii, ndugu zetu, amkute mezani mtu aliyefundishwa.