Kamera Mbugani: Nunua kwa Akili, Tunza kwa Makini

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya madereva wa watalii, waongoza wageni na vijana wapiga picha wa Narok. Tumeyachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuwepo.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kamera za kupigia picha wanyama: inunuliwe ipi, na ikishanunuliwa itunzwe vipi isiharibike. Huenda mtu akajiuliza kaunti inahusikaje na kamera ya mtu binafsi. Mbuga ya Maasai Mara ina ukubwa wa takriban kilomita 1,510 za mraba, na kaunti yetu inaisimamia kwa niaba ya wakazi. Picha za mbuga hii zimeenea duniani kote, katika vitabu, kalenda na simu za watu. Nyingi zimepigwa na wageni, ambao huja kwa siku chache na kuondoka. Sisi tuko hapa mwaka mzima. Tunajua chui analala mti gani na mvua inatokea upande gani. Kijana wa hapa akiwa na kamera nzuri ana nafasi ambayo mgeni hawezi kuinunua.

Lakini tusidanganyane. Kwa kijana wa hapa, fedha za kamera hutoka kwa kuuza ng'ombe, au mkopo wa chama, au akiba ya miezi mingi. Kamera hiyo ikifa kwa vumbi mwezi wa pili, ng'ombe ameenda, kamera imeenda, na deni limebaki. Kwa hivyo neno langu kuu leo ni moja: usinunue kamera kubwa kuliko uwezo wako wa kuitunza. Kamera ya kiasi iliyotunzwa itakufanyia kazi kwa miaka. Ya bei kubwa isiyotunzwa haitamaliza msimu mmoja wa nyumbu.

Anza na lenzi, bodi baadaye

Kamera ya kazi ina sehemu mbili kuu, bodi na lenzi. Wengi hukimbilia bodi kwa sababu ndiyo yenye jina na namba kubwa. Mbugani mambo ni tofauti. Simba hawezi kuambiwa asogee, na wewe huruhusiwi kushuka garini umfuate. Kinachokupeleka karibu naye ni lenzi. Tena bodi hupitwa na wakati baada ya miaka michache, ilhali lenzi nzuri iliyotunzwa huhamishwa kutoka bodi moja hadi nyingine.

Kwa ndovu, twiga, pundamilia na makundi ya nyumbu, lenzi ya zuumu ya milimita 70 hadi 300 inatosha kuanzia. Kwa ndege, au chui aliye juu ya mti ng'ambo ya korongo, utahitaji milimita 400 au zaidi.

Msione haya kununua bodi ya bei nafuu. Ndani ya kamera kuna kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kihisi kamili kina milimita 36 kwa 24. Bodi nyingi za bei ya chini zina kihisi kidogo zaidi, ambacho huchukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inaona. Mnyama basi anajaza picha zaidi: mara 1.5 kwa bodi hizo za Nikon na Sony, mara 1.6 kwa za Canon. Lenzi ya 300 kwenye bodi ya mara 1.5 inakuonyesha kile ambacho ya 450 ingekuonyesha kwenye kihisi kamili. Udhaifu wake ni gizani: alfajiri na magharibi picha huwa na chembechembe nyingi zaidi. Mwanga ukiwa mzuri, mnunuzi wa picha hatatambua tofauti kwa urahisi.

Zile lenzi ndefu kama bomba mnazoziona kwa baadhi ya wageni, za milimita 600, huwa na uzito wa takriban kilo 3, na bei yake ni ya gari. Usizikimbilie. Nairobi kuna maduka yanayokodisha kamera na lenzi kwa siku. Kodi kwanza, fanya kazi nayo siku mbili tatu, ndipo uamue.

Ukiwa na fedha mkononi, zigawe kabla ya kuingia dukani. Karibu nusu iende kwenye lenzi. Fungu la pili ni la bodi. Fungu la tatu, ambalo wengi husahau, ni la mfuko, betri ya pili, kadi mbili za kuhifadhi picha na vifaa vya kusafishia. Ukiona fungu la tatu halipo, bodi uliyochagua ni kubwa mno.

Ukinunua iliyotumika

Hakuna aibu kununua kamera iliyotumika, bora uikague. Kwanza, dai risiti na ulinganishe namba ya kifaa na ile iliyoandikwa kwenye risiti. Kamera ya mgeni iliyoibiwa ikikutwa mikononi mwako, utakuwa na maelezo marefu kituoni. Pili, uliza kamera imepiga picha ngapi. Nyingi za kawaida hukadiriwa kupiga kati ya 100,000 na 200,000 kabla ya kifunga mwanga kuchoka. Tatu, piga picha ya ukuta mweupe huku tundu la lenzi likiwa dogo, f/16 hivi. Madoa meusi yakitokea mahali pale pale katika kila picha, kihisi kina uchafu. Nne, mulika tochi ndani ya lenzi. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache hapo hapo.

Vumbi ni adui nambari moja

Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapokuwa kwetu, barabara hukauka na vumbi huwa jepesi kama unga. Huo ndio msimu wa kazi, na ndio msimu ambao kamera nyingi huharibika.

Kanuni ya kwanza: usibadilishe lenzi garini likiwa linakwenda. Ikikulazimu kubadilisha, mwombe dereva asimame, funga madirisha na paa, ngoja vumbi litulie, zima kamera, elekeza mdomo wake chini, kisha badilisha upesi. Mkiwa wawili, ni bora mmoja abebe lenzi ndefu na mwenzake fupi, asiwepo wa kubadilisha.

Kanuni ya pili: kati ya kituo na kituo, kamera ifunikwe. Shuka, leso au foronya ya mto inatosha kabisa. Unaitumbukiza kamera ndani ya foronya, na ukimwona mnyama unaitoa kwa mkono mmoja.

Kanuni ya tatu ni ya usafi, na ina mpangilio wake. Anza kwa kupuliza vumbi kwa kile kibomba cha mpira cha kuminya kwa mkono. Fuata na brashi laini. Kitambaa maalumu cha lenzi kiwe cha mwisho. Ukianza na kitambaa, au pindo la shati, unasugua mchanga juu ya kioo na kukikwaruza. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huenda pamoja na pumzi. Na tafadhali, usipeleke kamera kwenye kompresa ya gereji. Upepo wake una nguvu mno, na mara nyingi una mafuta na maji. Kihisi kikichafuka kiasi cha kuharibu picha, mpelekee fundi wa kamera.

Hapa niwakumbushe jambo la sheria. Wageni wengi husoma kwamba kamera ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga na maeneo yaliyohifadhiwa. Madereva, mwambieni mgeni mapema, kabla hajafika langoni. Aje na mfuko mzito usiopitisha maji, ule unaofungwa kwa kukunja mdomo wake, ambao atautumia kwa miaka.

Mtikisiko wa barabara

Barabara zetu tunazijua. Kamera iliyowekwa sakafuni mwa gari hupokea kila shimo, na skrubu zake hulegea kidogo kidogo. Iweke mapajani, au juu ya kiti chenye mto, mkanda wake ukiwa umefungwa mahali isianguke gari likifunga breki.

Wakati wa kupiga picha, stendi ya miguu mitatu haina nafasi garini. Kinachofaa ni mfuko mdogo wa maharagwe au mchele unaolazwa dirishani au ukingoni mwa paa, lenzi ikalala juu yake. Fundi cherehani yeyote anaweza kuushona kwa kitambaa kizito au suruali kuukuu ya jinzi. Akina mama mnaoshona shanga na nguo za kuuzia wageni, hii ni biashara. Ndege ndogo zinazokuja Mara kutoka Wilson kwa kawaida huruhusu mizigo ya kilo 15 tu katika mifuko laini, kwa hivyo mgeni hawezi kubeba maharagwe kutoka kwao. Atafurahi kuupata mfuko hapa hapa.

Dereva naye ana kazi yake: gari likisimama, zima injini. Mtetemo wa injini hupita kwenye mwili wa gari hadi kwenye lenzi, na picha hutoka na ukungu. Mpiga picha aweke kasi ya sekunde 1/1000 au zaidi kwa mnyama anayekimbia. Na saa sita mchana, ardhi inapochemka na hewa kucheza juu ya nyasi, hata lenzi ya milioni haitakupa picha kali ya simba aliye mbali. Pumzika, safisha vifaa, ungoja jioni.

Mvua, umande na joto

Mvua za masika huja Machi hadi Mei, lakini Mara inaweza kunyesha alasiri yoyote. Vazi la kamera lisiloingiza maji liwe karibu, si chini ya mizigo. Ikilowa, izime, toa betri na kadi, ifute na uiache mahali penye hewa. Usiianike juani wala kuisogeza karibu na jiko.

Ukitoka kwenye chumba au gari lenye baridi kwenda nje penye joto, kioo hushika unyevu mara moja. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa hivi ili ipate joto polepole. Nyumbani, usiifungie sandukuni kwa miezi. Kuvu hupenda giza na unyevu. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, vitie kwenye mfuko wa kamera badala ya kuvitupa.

Betri, kadi na daftari

Baridi ya alfajiri hupunguza nguvu ya betri, kwa hivyo beba mbili na uweke moja mfukoni mwa koti. Kambi nyingi hutumia umeme wa jua au jenereta kwa saa maalumu, basi chaja ya gari ni msaada mkubwa. Mgeni anayepanda ndege mkumbushe kwamba betri za akiba hubebwa katika mzigo wa mkononi.

Kadi mbili za kiasi ni bora kuliko moja kubwa, kwani ikifa moja hukosi safari nzima. Kila jioni nakili picha mahali pawili tofauti kabla ya kufuta kitu. Kamera hutengenezwa upya, lakini simba aliyevuka mto jana hatavuka tena kwa ajili yako.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika namba ya kila kifaa, hifadhi risiti, piga picha vyote kwa simu. Ukichukua bima, uliza waziwazi kama inalipa kifaa kikiibwa garini na kama inakubali matumizi ya biashara. Pata jibu hilo kwa maandishi.

Picha haizidi mnyama

Mwisho, hakuna picha inayofaa kumsumbua mnyama. Tubaki barabarani, tusizidi magari matano kwa mnyama mmoja, tusizibe njia ya nyumbu wanapoelekea mtoni. Droni hairushwi bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha wasimamizi wa mbuga. Na ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza, awe mzee au mtoto, na kwa mtoto mwombe mzazi wake.

Kwa wale wanaopanga kununua mwezi huu, nawaachia kazi tatu. Kodi kabla ya kununua. Shona mfuko wako wa maharagwe. Tenga lile fungu la tatu kabla hujagusa mengine mawili. Mwenye swali kuhusu vibali vya kupiga picha kwa biashara ndani ya mbuga aulize idara ya utalii ya kaunti kabla ya kuingia, asingoje kuzuiwa langoni.