Badilisheni Mpira Kabla Pampu Haijakwama
Mazungumzo na kamati za visima, Msambweni

Tumeombwa tuzungumze juu ya pampu zetu za mkono, na hasa vile vitu vidogo vilivyo ndani: valvu, mipira na beringi. Neno letu ni moja tu. Vitu hivi vina umri wake, na vyatakiwa vibadilishwe kabla havijatukwamisha.

Wengi mwajua kwamba pampu ya Afridev ina asili yake hapa kwetu. Kuanzia 1983, pampu za aina mbalimbali zilijaribiwa kwenye visima vya Kwale, na waliohusika ni pamoja na serikali, shirika la KWAHO, UNDP, Benki ya Dunia na wafadhili wa Sweden. Shida ya pampu za zamani ilikuwa uzito. Ikiharibika, lazima mngoje gari na mafundi kutoka mbali, na huku mkingoja, akina mama wamesharudi kwenye visima vya wazi. Majaribio hayo, pamoja na yale ya Malawi, ndiyo yaliyozaa Afridev. Ilitengenezwa makusudi ili mtu wa kijijini aifungue kwa spana moja. Akina mama wa Kwale walifundishwa ufundi huo, na wakauweza.

Haya, tuitazame kwa ndani. Mna valvu mbili. Moja iko chini kabisa, nyingine iko kwenye pistoni. Ukishusha mkono wa pampu, pistoni yapanda. Valvu ya juu yajifunga na kubeba maji, na ile ya chini yafunguka kuingiza mengine. Ukiinua mkono, pistoni yashuka. Valvu ya chini yajifunga ili maji yasirudi kisimani, na ya juu yafunguka kuyapitisha. Pistoni imevishwa mpira unaobana ukuta wa silinda. Na huku juu, pale mkono unapobembea, pana beringi za plastiki. Vyote hivi vyasuguana mchana kutwa. Kisima kikiwa na mchanga, huo wasaga mpira kama msasa.

Basi, pampu aghalabu haifi ghafla. Hulalamika kwanza, na kazi ya kamati ni kuisikia. Dalili ni tatu.

Ya kwanza: jana jioni maji yalitoka vizuri, leo asubuhi mwapiga mara nyingi kabla tone halijaonekana. Hapo valvu ya chini yavuja, au kiungo cha bomba, na maji yamerudi kisimani usiku.

Ya pili: mtungi wa lita 20 wachukua mipigo mingi kuliko zamani. Mara nyingi ni mpira wa pistoni umelika.

Ya tatu: mkono wacheza huku na huku na kupiga kelele. Beringi zimekwisha. Mkiiacha hivyo, chuma kitasugua chuma, na badala ya kununua plastiki mtanunua vyuma vya kichwa cha pampu.

Twawaomba mfanye hivi. Siku pampu imetengenezwa ikawa nzima, hesabuni mipigo ya kujaza mtungi mmoja, muandike kwenye daftari. Kila mwezi hesabuni tena. Nambari ikipanda, msingoje.

Na mara moja kila mwaka, hata kama maji bado yatoka, ifungueni. Bomba la Afridev ni pana kuliko silinda, kwa hivyo pistoni na valvu ya chini zatolewa kwa juu bila kung'oa bomba. Badilisheni mipira, valvu na beringi. Mkimaliza, tieni klorini kama afisa wa afya anavyoelekeza, na maji ya mwanzo yamwagwe.

Hapo ndipo tunapogombana na watu. "Kwani imeharibika? Pesa za nini?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, jamani. Tena ukuta wenyewe si wa pesa tu. Msambweni yajulikana kwa watafiti wa kichocho. Wamefanya kazi hapa tangu miaka ya 1980. Mdudu wa kichocho huingia kwa ngozi, mtu akikanyaga maji ya bwawa yenye konokono wake. Pampu ikilala wiki mbili, ni msichana gani atakayeepuka kwenda bwawani kufua?

Kuna ushahidi kwamba matengenezo ya haraka yawezekana. Huko Kyuso, Kitui, miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya walifunga kidude kwenye mikono ya pampu, kinachotuma habari kwa simu. Muda wa kungoja fundi ulishuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ililetwa Kwale pia, ikazaa huduma ya matengenezo ya FundiFix, ambapo kijiji hulipa kidogo kidogo kabla pampu haijaharibika.

Juu ya pesa, tuseme kweli. Waliochunguza vitabu vya kamati za Kwale waliona kwamba kulipisha kwa kila mtungi huleta pesa nyingi kuliko mchango wa mwezi. Lakini waliona pia kwamba malipo hayo huwasukuma wengine kurudi kwenye maji yasiyo salama. Kwa hivyo kamati ikipanga bei, iulize kwanza: mjane ataweza? Asiyeweza apangiwe njia.

Tangu 2013 maji ni kazi ya kaunti, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi. Tuidai haki hiyo bila haya. Lakini mpira wa pistoni haungoji bajeti ipitishwe.

Mkirudi nyumbani, fanyeni matatu wiki hii: hesabuni mipigo, wekeni seti moja ya vipuri kwa mweka hazina, na chagueni watu wawili wa kufundishwa, mmoja wao awe mama. Sasa twangoja maswali yenu.