Mkunga na Chungu cha Nyumbani

Hotuba kwa walimu na watu wa Ruanda, siku ya yubilei



Tumepewa neno la kusema juu ya kazi ya masista wakunga waliotoka ng'ambo wakaja kukaa kwetu. Wenzetu wamekwisha kusema habari za makanisa, na shule, na matofali yaliyochomwa, nao wamesema vema. Sisi twataka kusema habari za chungu. Labda wengine watacheka, wakisema chungu si jambo la kuandikwa katika kitabu cha yubilei. Lakini tukiulizwa ni kitu gani kilichotuweka hai hata tukasimama mbele yenu leo, hatuwezi kutaja tofali.

Mama yetu mzazi yuko hapa, amekaa chini ya mti ule, nasi tulimwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya. Sisi tunaosema nanyi tulizaliwa mwaka 1981. Tulipopata miezi 14, mama alijua ya kuwa ana mimba nyingine, na siku ile ile tukaachishwa ziwa, kwa kuwa watu walisema ya kwamba maziwa ya mama mwenye mimba ni sumu kwa mtoto aliye nje. Tukapewa uji. Baada ya miezi michache miguu ikavimba, uso ukajaa kama wa mtu aliyeshiba, nywele zikageuka rangi kama za mahindi mabichi, ngozi ikaanza kubanduka. Mama asema ya kuwa kulia hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba tuliacha kulia. Tulikaa tu pale tulipowekwa.

Basi likatoka neno ambalo nyote mwalijua: mtoto amebemendwa. Wazazi hawakujizuia, mtoto wameharibu wenyewe. Lawama hii haikugawanywa sawasawa. Baba aliendelea kunywa pombe na wenzake, wala hakuulizwa neno. Mama akatazamwa kwa jicho kali kila alipokwenda kisimani. Kwa aibu hiyo alitufunika kwa nguo, asitake watu watuone. Twadhani watoto wengi wamekufa chini ya nguo kama ile.

Mama alikwenda kwa mkunga kwa ajili ya tumbo lake, si kwa ajili yetu. Mkunga huyo alikuwa sista wa Kijerumani, mwenye umri, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. Akapima tumbo, akasikiliza, akaandika. Kisha, mama akijifunga nguo zake ili aondoke, sista akamwona bibi yetu nje ya mlango na mzigo mgongoni, akauliza, "Bibi, huyu ni nani?"

"Ni mjukuu, Mama Sista."

"Anakula nini?"

"Anakula uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi."

"Na nini tena?"

Bibi akafikiri kidogo, akajibu, "Na maji."

Mama husimulia maneno haya huku anacheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Sista alikaa chini. Maana yeye alikuwa amepima matumbo kwa miaka mingi, na siku zote Jumanne ilikuwa siku ya matumbo na Ijumaa siku ya kupima watoto, na mama wa shambani hawezi kuacha jembe mara mbili kwa juma moja. Kwa hiyo mwenye mimba alikuja Jumanne, na mtoto aliyeondolewa ziwa kwa sababu ya mimba ile ile alibaki nyumbani. Ugonjwa ulikuwa umepita katikati ya siku hizo mbili, kama panya apitavyo kati ya magunia.

Tulikuwa tumekwisha kuwa watu wazima tulipojua ya kuwa jambo hili lilipata kuonwa mahali pengine mbali. Alikuwako daktari mwanamke, jina lake Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1893, akafika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka 1929. Aliona watoto waliovimba kama sisi, akawauliza wanawake wa pale, ugonjwa huu mwauitaje? Wakamwambia: kwashiorkor, nasi siku hizi twatamka kwashiakoo. Katika lugha ya Kiga maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mwingine anapozaliwa. Aliuandika ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitangaza jina lenyewe katika gazeti la madaktari la London. Mabingwa hawakukubali upesi. Mmoja wao, Hugh Stannus, ambaye alikuwa amefanya kazi Nyasaland, ng'ambo ya ziwa letu hili, alishika ya kuwa huo ni ugonjwa wa pelagra tu, alioujua tangu zamani. Alikuwa mtu wa elimu kubwa. Lakini wale wanawake walikuwa wamekwisha kuweka chanzo cha ugonjwa ndani ya jina lake: kuzaa na kula ni habari moja.

Na tutazame tofauti ya majina. Jina la wale wa Gold Coast humtaja mtoto na mahali alipoondolewa. Neno letu la kubemenda humtaja mama na kosa lake. Yote mawili yaliona jambo moja, mimba kufuata mimba upesi. Ila jina moja lamwongoza mtu kutafuta chakula, na jingine lamwongoza kutafuta mkosaji.

Daktari huyo alihamishwa kwenda Malaya mwaka 1936, na mwaka 1939 huko Singapore alisimama mbele ya wafanya biashara akawaambia waziwazi ya kuwa maziwa ya kopo yenye sukari, yaliyouzwa kwa mama wazazi kana kwamba ni bora kuliko titi, yalikuwa yakiua watoto. Wakati wa vita Wajapani walimfunga. Katika kifungo kile, chakula kikiwa haba, watoto 20 walizaliwa. Ameandika mwenyewe ya kuwa wote 20 walinyonya, na wote 20 waliishi.

Karibu nasi zaidi ni Uganda. Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson walifika huko katika msafara mmoja mwaka 1897, wakaoana mwaka 1900, na baada ya Vita Kuu ya kwanza wakaanzisha Mengo shule ya kufundisha wasichana wa Kiafrika ukunga, na daktari akaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Hiyo ilikuwa kazi ya kuzalisha. Mwaka 1965, katika hospitali ya Mulago, ikafunguliwa nyumba ya watoto waliokosa chakula bora, ikaitwa Mwanamugimu, kutokana na mithali ya Waganda isemayo ya kuwa mtoto mwenye siha hutoka katika mbeleko ya mamaye. Mama hakuachwa nje ya lango. Aliingia na mtoto, akapika mwenyewe vyakula vya kwao, maharage na karanga na mboga pamoja na ndizi, mchanganyiko waitao kitobero, akamwona mtoto wake akipona kwa kijiko. Aliporudi kijijini hakuweza kudanganywa tena ya kuwa mwanawe aliponywa na sindano.

Turudi kwa sista wetu. Tusimsifu kupita kiasi, maana mwanzoni alikosea kama wageni wengi. Aliwafundisha mama zetu kula mayai na kunywa maziwa. Kina mama wakaitika, "Ndiyo, Mama Sista," wakaenda zao. Ng'ombe hawakuwako, kuku walikuwa wa baba, na mwenye mimba alikatazwa mayai, wakisema mtoto atazaliwa bila nywele. Aliyemsaidia ni mzee mmoja, mkunga wa jadi wa kijiji, aliyemwambia, "Mama Sista, wewe watufundisha chakula cha kwenu. Ingia kwanza jikoni, uone tulicho nacho." Akaingia. Akakuta maharage ya ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba mlimani, ya kuuzwa. Akakuta karanga, za mbegu. Akakuta usipa mkavu kutoka ziwani, wa wageni. Akakuta ulezi uliochipuka, umeanikwa uani, akauliza ni wa nini. Akaambiwa ni kimea, cha pombe.

Hapo ndipo akili ya mgeni na akili ya mwenyeji zilipokutana, nasi twaomba mtuvumilie tukieleze kimea sawasawa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi mbili zake. Uji mwepesi hulijaza maji, na uji mzito humshinda kumeza. Lakini ulezi ukilowekwa, ukaachwa uchipuke siku mbili au tatu, ukaanikwa juani na kusagwa, unga wake una nguvu ya kuvunja wanga; hiyo ndiyo nguvu itumiwayo na wapika pombe. Pika uji mzito kama ugali laini, uuepue, uache upoe kidogo mpaka kidole kivumilie, tia kijiko cha kimea, koroga. Mbele ya macho yako uji mzito unageuka mwepesi, na wala hukuongeza maji. Urudishe motoni uchemke kidogo, kisha tia karanga zilizopondwa au unga wa usipa. Mtoto hunywa chakula cha bakuli mbili katika bakuli moja. Wataalamu wa lishe wa nchi yetu walikitangaza kimea hicho miaka ile ya 1980. Mama yetu asema yeye alishangaa kwa sababu moja tu: kwamba dawa ya mwanawe ilikuwa uani mwake siku zote, nayo ilikuwa inangoja kunywewa na wanaume.

Sista akaunganisha siku mbili kuwa moja. Alipima tumbo ndani, akapima mtoto kwa mizani iliyotundikwa nje, na kati ya hizo mbili palikuwa na mafiga matatu na chungu. Vidonge vya kuongeza damu vilitolewa penye chungu. Pia alisema mara kwa mara ya kuwa mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu, na mama akilishwa vema aweza kunyonyesha. Wazee wengine walimchukia kwa neno hili.

Liko jambo moja alilosema ambalo sisi walimu hasa twapaswa kulisikia. Msichana aliyekosa chakula utotoni hudumaa, na mifupa ya nyonga yake hubaki myembamba. Hakuna aionaye nyonga. Anakwenda shule, anaimba, anaolewa. Kisha siku ya uchungu inafika, na mlango ni mdogo kuliko mtoto. Wakunga hukesha, gari hutafutwa usiku, na watu huuliza nani amemroga. Lakini uzazi ule mgumu ulianza miaka 18 nyuma, kwenye bakuli la uji mtupu. Tangu tuliposikia hayo hatuwezi kumtazama msichana mdogo darasani kama zamani.

Mtasema, hayo ni ya zamani. La. Mkoa wetu wa Ruvuma hulisha mikoa mingine, na magunia yetu ya mahindi hupita barabarani pamoja na makaa ya mawe ya Ngaka. Hata hivyo katika hesabu ya taifa ya mwaka 2015 na 2016, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 wa mkoa huu, walio chini ya miaka mitano, walikuwa wamedumaa, na Tanzania nzima ilikuwa 34. Mwaka 2022 taifa lilishuka hata 30, lakini Iringa na Njombe, nchi za shibe kama yetu, zikaonekana juu ya wote. Basi si njaa ya ghala. Ni mama aliyechoka asiye na wakati wa kupika mara ya tatu, na maharage yauzwayo yote, na fedha ya kahawa ambayo haifiki jikoni. Haya tunawaambia kina baba, na sisi tukiwamo.

Sista yule alirudi kwao akiwa mzee. Baada yake siku zile mbili zikatengwa tena katika mahali pengi, tumbo siku yake, mtoto siku yake, kwa kuwa vitabu vya hesabu ni viwili. Mizani aliiacha kwa yule mkunga wa kijiji, naye alipofariki ikaletwa kwa mama yetu, aliyejifungua salama mwaka ule binti ambaye ni dada yetu, na ambaye leo ni mama wa watoto watatu.

Tumekubaliana na wauguzi wa zahanati. Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, mizani itatundikwa kwenye mwembe ulio nyuma ya shule, na wenye mimba na wenye watoto watakuja pamoja. Mama yetu atakuwako na kimea chake. Kila mwalimu na aje na wasichana wa madarasa ya juu, na kila nyumba ilete kikombe kimoja cha ulezi na konzi ya maharage. Kina baba walete kuni.