Mtoto Hayumo Kati ya Jamaa
Masomo: Luka 2:41-52, Kumbukumbu la Torati 22:8



Kuna mahali katika Luka 2 ambapo mimi kama mzazi nasoma nikiona haya. Yusufu na Maria walitoka Yerusalemu baada ya Pasaka, wakatembea siku nzima bila Yesu, naye ana miaka 12. Hawakuwa wazazi wabaya. Waliamini tu kwamba mtoto anatembea na jamaa wengine. Leo mtoto yuko chumbani, mlango umefungwa, telefone mkononi, nasi tunasema: yuko nyumbani, hakuna neno.

Kule London, Uingereza, binti Molly Russell alikufa kwa kitendo cha kujiumiza mwezi wa Novemba 2017. Alikuwa na miaka 14, katika nyumba iliyompenda. Wazazi hawakujua aliyokuwa akiyaona. Katika miezi 6 ya mwisho, kati ya vitu 16.300 hivi alivyovihifadhi, kuvipenda au kuvituma kwa Instagram, 2.100 vilikuwa vya huzuni, kujiumiza na kujiua. Na mashine ya kampuni ina desturi yake: ukitazama kimoja, inakuletea kingine. Septemba 2022, afisa wa sheria aliyechunguza kifo hicho alisema wazi kwamba vitu vile vilichangia. Mwaka 2023 nchi hiyo ikapata sheria ya kuzibana kampuni za intaneti.

Wengine kanisani wananiambia: Pasta, hiyo ni kazi ya serikali. Wengine: hapana, ni ya papa na mama, sheria ni ya watu wasio na imani. Hawa wa pili wasome Torati. Mungu alimwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Hakuwaambia akina mama wawafunge watoto kamba. Alimwambia mjenzi. Kwa hiyo kampuni zinazojenga dari bila ukuta zina deni, na serikali iwadai. Hapa kwetu tuna Kode ya Numeriki tangu Machi 2023, itumike.

Lakini sheria ya Kinshasa haipigi hodi chumbani saa nane ya usiku.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea binti yake. Hali, halali, hasemi. Tulifunga siku tatu, tukamwekea mikono, tukakemea roho ya mauti. Sisemi kinyume cha maombi. Ila mimi mchungaji wake sikumwuliza hata swali moja. Siku ya nne mke wangu aliketi naye jikoni, wanachambua lengalenga, akamwuliza: «Usiku unasemaka na nani?» Binti akalia, akatoa telefone. Kulikuwa na kundi la watu asiowajua hata kwa sura, wanafundishana namna ya kufa. Tena walikuwa wanamwuliza habari zake kila usiku. Sisi hatukuwa tunamwuliza.

Mama alitaka kuivunja ile telefone. Mke wangu akamzuia: ukiivunja, atajifunza kwamba anayesema kweli anapigwa, na kesho atakuficha. Akamwuliza binti waziwazi kama anataka kufa. Mimi niliogopa neno lile, lakini yeye alijibu, akapumua. Usiku ule mama alilala chumba kimoja naye. Asubuhi wakaenda hospitali kwa muuguzi anayejua magonjwa ya moyo na akili, na maombi yakaendelea.

Tazameni Yusufu na Maria: walipojua, hawakumtuma mjomba. Walirudi wenyewe, njia ileile, wakatafuta hadi siku ya tatu. Na walipompata, Maria aliuliza kwanza. Jibu hakulielewa, lakini alilishika moyoni.

Binti yule yuko hai, amerudi shuleni. Kuna siku bado ni nzito.

Jumatano baada ya maombi ya saa kumi, wazazi wabaki, papa na mama wote wawili. Mke wangu ndiye atakayesema. Mimi nitaketi pamoja nanyi, nisikilize.